Erin Brockovich, A Civil Action au Dark Waters: muonyeshe ipi?

Ukiwa Kisumu na unatafuta filamu ya kesi ya mazingira, ya kutazama na watu mtakaotaka kuzungumza nao baadaye, huenda umeshapewa majina haya matatu: Erin Brockovich ya mwaka 2000, A Civil Action ya 1998 na Dark Waters ya 2019. Zote ni za Marekani, zote zimetokana na kesi za kweli, na katika zote kuna wakili au msaidizi wake anayefika mahali padogo akakuta maji yametiwa sumu. Ukisoma maelezo yake harakaharaka utadhani ni filamu moja iliyotengenezwa mara tatu. Lakini nimeona ukumbi wa Nyalenda ukishangilia moja, na ukumbi huohuo ukasinzia kwa nyingine. Iliyowasinzisha ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa hiyo usinitegemee mimi kukuchagulia. Tegemea watu utakaokaa nao.

Vipimo

Nitazipitisha zote tatu katika maswali mamoja. Je, kesi inaeleweka kwa mtu asiyejua kemia wala sheria? Mwigizaji mkuu anaibebaje filamu, na anawafunika wenzake? Korti inaonyeshwa kiasi gani, na inaachana wapi na korti zetu? Walioumia wanajisemea ama wanasemewa? La mwisho ni la ukumbini: urefu, matusi, na Kiingereza chenyewe. Kama kila tukio lilitokea vile hasa, hilo sipimi. Filamu hupunguza watu na kubana miaka, na hizi zimefanya hivyo pia, ila uti wa mgongo wa kila kesi umebaki.

Sumu na inavyoelezwa

Hinkley ni kijiji cha jangwani California. Kampuni ya gesi na umeme ya PG&E ilitumia kromiamu-6 kuzuia kutu katika minara ya kupozea mitambo, kisha ikayaachia maji yale katika madimbwi ya udongo mtupu. Yakapenya ardhini hadi visimani. Kwa mtazamaji, kesi ya Erin Brockovich ndiyo nyepesi kuliko zote: kampuni moja, kemikali moja, na majirani wanaoambiwa kwamba kromiamu ni nzuri kwa afya bila kuambiwa ni kromiamu ya aina gani. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 333 kwa wakazi zaidi ya 600. Mtu aliyechelewa nusu saa bado ataifuata.

A Civil Action si rahisi hivyo. Katika mji wa Woburn, Massachusetts, visima viwili vya mji, G na H, vilikutwa na TCE, kiyeyushio kinachotumika viwandani kuondoa grisi. Watoto wa mtaa mmoja walikuwa wakiugua saratani ya damu. Walioshtakiwa ni kampuni mbili kubwa, W. R. Grace na Beatrice Foods, na swali la kesi halikuwa kama maji ni machafu. Lilikuwa: tone hili lilitoka shamba la nani, lilifika kisimani mwaka gani, na ndilo lililomuua mtoto huyu? Anayeishi Obunga na kuuona mto Kisat ukiingia ziwani atalielewa swali hilo upesi, kwa sababu mto unaopita kwenye viwanda, gereji na nyumba hauna mwenyewe mmoja wa kunyooshewa kidole.

Dark Waters inaanza na ng'ombe. Mkulima wa Parkersburg, West Virginia, Wilbur Tennant, anafika katika kampuni ya mawakili mjini Cincinnati na sanduku la kanda za video alizojirekodia: ng'ombe wenye meno meusi, viungo vya ndani vilivyovimba. Mfugaji wa Nandi au Trans Nzoia hahitaji kutafsiriwa sehemu hii. Kutoka kwenye shamba moja lililopakana na jalala la DuPont, kesi inapanuka hadi maji ya kunywa ya makumi ya maelfu ya watu na kemikali inayoitwa PFOA, au C8, iliyotumika kutengeneza Teflon ya kwenye vikaango. Hapo filamu inahama kutoka shamba la mtu wa mbali na kuingia jikoni kwako. Sayansi yake ni nyingi kuliko ya zile mbili, lakini imegawanywa vizuri, na wakili mwenyewe hajui kemia, kwa hiyo anajifunza huku nasi tukijifunza.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kati yake inayolisaidia. Zote zina kampuni kubwa upande mmoja na wananchi upande wa pili. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega na Migori, anayeshika zebaki kwa mkono mtupu ndiye anayeumia kwanza, naye ni mchimbaji anayetafuta unga wa jioni. Kama hilo ndilo mnalotaka kujadili, filamu hizi zitawapeleka kwenye hasira isiyo na mahali pa kutua. Tafuteni nyingine.

Waigizaji wakuu

Hapa ndipo filamu hizi zinapoachana kabisa, na hapa ndipo wengi hukosea kuchagua, kwa kudhani uigizaji mzuri ni wa aina moja.

Julia Roberts anaigiza kwa mdomo. Erin wake ni mama wa watoto watatu, ameachika mara mbili, hana kazi, na silaha yake ni kwamba hanyamazi. Roberts alishinda Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike kwa kazi hii, na watu hukumbuka zaidi yale majibizano: anapowatajia mawakili wenye shahada majina ya walalamikaji, magonjwa yao na hata namba zao za simu kutoka kichwani, au anapowaambia mawakili wa kampuni kwamba maji yaliyo mezani mbele yao yameletwa kutoka Hinkley, nao wanayaacha. Ukumbi wowote utapiga makofi hapo. Mimi hupenda zaidi tukio lisilo na makofi. Erin yuko garini, usiku, amechoka, na George, mwanamume anayemlelea watoto, anamweleza kwa simu kwamba mtoto mdogo leo ametamka neno lake la kwanza. Roberts haongei. Anaendesha tu, uso unataka kucheka na kulia kwa pamoja, barabara inaendelea. Gharama nzima ya kesi kwa mama mmoja imo katika dakika hiyo. Anayemzuia asipae sana ni Albert Finney kama wakili Ed Masry, mzee mchovu anayekubali kila kitu kwa kunung'unika. Bila Finney, filamu ingekuwa ya nyota mmoja na mapambo.

Na hiyo ndiyo kasoro yake. Roberts anang'aa kiasi kwamba unampenda Erin kabla hujawahurumia watu wa Hinkley.

John Travolta ana kazi ngumu zaidi: kukufanya ufuatane na mtu usiyempenda. Jan Schlichtmann, wakili wa majeruhi, anafungua filamu akimsukuma mteja wake katika kiti cha magurudumu huku sauti yake ikitueleza ni maiti ya nani yenye thamani kubwa mbele ya korti na ya nani isiyo na kitu. Inauma kusikia, hasa anapofika kwa mtoto. Suti nzuri, gari la kifahari, tabasamu la redioni. Kisha filamu inamvua kimoja kimoja. Travolta anaifanya safari hiyo kwa uangalifu, ingawa mara kadhaa unaona bidii yake, na bidii ya mwigizaji ikionekana imeshapungua nguvu.

Asiyeonekana akijitahidi ni Robert Duvall. Yeye ni Jerome Facher, wakili wa Beatrice, mzee wa mkoba uliochakaa, anayekaa peke yake kusikiliza mpira redioni. Kwenye ukumbi wa nje wa korti, jopo la raia wa kawaida wanaoamua kesi likiwa bado ndani linashauriana, Facher anachomoa noti ya dola 20 na kuanza kuzungumzia milioni 20 kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Hujui kama anatania, anapima, au anatoa. Schlichtmann pia hajui, na kutojua huko kunamgharimu. Duvall aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, na ukiniuliza, filamu hii ni yake. Kwa hiyo kama unatafuta adui asiye na pembe, mtu ambaye ungemkaribisha chai ilhali anakumaliza, ni hapa utampata. Usiache kumtazama James Gandolfini pia, katika nafasi ya mfanyakazi wa kiwanda ambaye dhamiri inamsumbua. Ana matukio machache na yote yana uzito.

Mark Ruffalo anaigiza kwa mabega. Rob Bilott wake ni wakili ambaye kampuni yake hutetea viwanda vya kemikali, mtu wa kuomba radhi kabla ya kuongea. Kidevu kimeshuka, sauti iko ndani, anatembea kama aliyebeba gunia la mahindi ambalo wengine hawalioni. Hakuna hotuba kubwa. DuPont inapomtumia nyaraka kwa masanduku ili azame, tunamwona ameketi sakafuni kati ya rundo hilo, anasoma, anapanga, anabandika alama, mwezi hadi mwezi. Tukio langu la kumwonyesha mtu asiyeamini kwamba huo ni uigizaji ni lile la maegesho ya chini ya ardhi: Rob ameingia garini, ameshika ufunguo, anaogopa kuwasha gari lisije likalipuka. Hakuna muziki wa kutisha wa kukuelekeza. Ni mkono tu ulio kwenye ufunguo.

Filamu hii haikupata hata uteuzi mmoja wa Oscar, na nadhani ni kwa sababu hiyohiyo inayowasinzisha watazamaji: kazi ya Ruffalo haijitangazi. Anayeitingisha ni Bill Camp kama Wilbur, nyusi nzito, maneno ya kooni, hasira ya mtu aliyesubiri muda mrefu kusikilizwa. Anne Hathaway, mke wa Rob, amepewa kidogo mno kwa muda mrefu, halafu akapewa tukio la hospitalini ambapo anamkabili bosi wa mumewe, na hapo anawakumbusha wote kwamba yupo. Tim Robbins, huyo bosi, ana tukio moja la mkutano wa washirika wa kampuni linalostahili kurudiwa.

Korti na karatasi

Wanaokuja wakitarajia mawakili wakibishana mbele ya jaji wasionyeshwe Erin Brockovich. Kesi yake iliishia kwa waamuzi, nje ya korti ya kawaida, na filamu inatumia muda wake kwenye sebule za watu na kwenye rekodi za bodi ya maji. A Civil Action ndiyo yenye korti hasa: mashahidi, pingamizi, jaji (John Lithgow) anayegeuza mwelekeo wa kesi kwa namna anavyoligawia jopo la raia maswali ya kujibu. Dark Waters iko katikati, ila shujaa wake wa kweli ni kabati la faili.

Kwa watazamaji wa huku kuna mambo matatu ya kueleza kabla taa hazijazimwa, la sivyo mjadala utapotea. Kwanza, korti za Kenya hazina jopo la raia wanaoamua kesi. Ni jaji, na kwa mambo haya ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyopo Kisumu na Nakuru pia. Pili, katika filamu zote tatu mawakili wanafanya kazi kwa makubaliano ya kulipwa fungu la fidia wakishinda. Sheria yetu ya mawakili haiyatambui makubaliano ya aina hiyo, kwa hiyo asitoke mtu ukumbini akitafuta wakili wa "tukishinda tugawane". Tatu, Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba yeye au mwingine ameshaumia. Familia za Woburn zingeutamani mlango huo. Kudai fidia, hata hivyo, bado kunahitaji ushahidi wa damu na wa udongo.

Kuhusu muda, msidhani ucheleweshaji ni wa huku tu. Kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, ilifunguliwa 2016. Walishinda shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang'anywa ushindi huo katika Mahakama ya Rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Bilott alianza na Tennant mwishoni mwa miaka ya 1990; zaidi ya watu 69,000 walitoa damu, wanasayansi wakamaliza kazi yao 2012, na fidia ya takriban dola milioni 671 kwa kesi zaidi ya 3,500 ikakubaliwa 2017. Tennant alishafariki.

Nafasi ya walioumia

Katika Erin Brockovich wana majina na sebule, na Donna, mama wa Hinkley, akitoka mbio kuwatoa watoto kwenye bwawa la kuogelea baada ya kuelewa maji yana nini, ukumbi hunyamaza. A Civil Action inawapa heshima lakini inawaweka kando. Hata hivyo ndiyo inayosema wazi kwamba Anne Anderson, mama wa Woburn, na wenzake walitaka kuombwa radhi na maji yasafishwe, huku wakili wao akihesabu pesa. Dark Waters inawapa mwili. Wilbur haombi huruma, na Bucky Bailey, aliyezaliwa na ulemavu wa uso baada ya mama yake kufanya kazi kiwandani, anaonekana akiwa yeye mwenyewe.

Ukumbini

Erin Brockovich ina dakika 131 lakini inapita haraka. Matusi ni mengi, na huko Marekani filamu ilipewa alama ya R (watoto wasiitazame bila mtu mzima) kwa ajili ya lugha. Chama cha akina mama wa kanisani waambieni mapema. A Civil Action ni dakika 115, safi kiasi, lakini maneno ya kisheria yanafuatana na asiyekizoea Kiingereza cha korti atachoka. Dark Waters ni dakika 126, picha zake za rangi ya kijivu na buluu hazionekani vizuri kwa projekta hafifu mchana, na lafudhi ya Wilbur inahitaji maandishi ya chini. Kama mna mtu wa kusimulia kwa Kiswahili au Dholuo kwa mtindo wa DJ Afro, Erin Brockovich ndiyo inayovumilia kusimuliwa juu yake. Dark Waters ukiisimulia umeiua, kwa sababu nusu yake ni ukimya.

Ipi kwa nani

Kikundi kipya, vijana na wazee pamoja, Dunga au Manyatta, na lengo ni watu watoke wakitaka kufanya kitu: Erin Brockovich. Itawapa pia mfano mwepesi wa kuiga, maana kazi kubwa ya Erin ni kubisha hodi nyumba hadi nyumba na kuomba nakala za rekodi zilizo wazi kwa umma, na hilo halihitaji shahada.

Wakulima na wafugaji, au watu walio tayari ndani ya kesi ndefu: Dark Waters, jioni, ukumbi ukiwa giza. Kwa Nakuru ningechagua hii pia. Jina la Solai, bwawa lililopasuka Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, litatajwa tu, na waliosubiri wataitambua sura ya Ruffalo. Ila usiwaonyeshe watu waliokata tamaa jana bila kuwa na wakili au afisa wa jamii ukumbini wa kujibu maswali.

Anayetazama kwa ajili ya uigizaji peke yake, nyumbani na kwa bando lake: aanze na Ruffalo kisha Roberts, asigeuze. Ukianza na Roberts, Ruffalo ataonekana hafanyi kitu.

Viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe) au kamati zinazofikiria kushtaki kiwanda, na hasa wale wanaodhani kesi nzuri hushinda yenyewe, waonyesheni A Civil Action. Beatrice iliachiliwa na jopo, Grace ikalipa dola milioni 8, na kampuni ya wakili ikafilisika. Usafishaji wa karibu dola milioni 70 ulikuja baadaye, kupitia shirika la serikali la mazingira. Inafaa pia kwa wanafunzi wa sheria, wa Kabarak kwa mfano. Hao waisimamishe kabla ya uamuzi kusomwa, waandike wangeuliza jopo maswali gani, kisha wafungue hukumu ya Owino Uhuru kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako inasomwa bure, waone jaji wetu alijiuliza yapi.